Kibanda cha kuazima vitabu jirani na stesheni ya Tabora: huduma njema, kurasa pungufu

Kwa wiki tatu sasa nimekuwa mteja wa kibanda cha kuazima vitabu kilicho hatua chache kutoka stesheni ya reli hapa Tabora, na kwa kuwa huduma ya namna hii ni adimu, ninapenda wasomaji wenzangu waijue pamoja na kasoro yake. Unaweka amana ya shilingi 10,000, unalipa 1,000 kwa wiki, jina lako linaandikwa daftarini, na amana unarudishiwa siku unaporejesha kitabu.

Nilimweleza mwenye kibanda kwamba natafuta kitu cha kumsomea shangazi yangu, askari polisi mstaafu ambaye macho yake yamefifia. Hakunipa kilichokuwa juu ya rundo. Aliuliza kwanza shangazi alifanya kazi gani hasa kituoni, akafikiri kidogo, kisha akachomoa kutoka chini ya meza historia ya askari polisi wa kike wa kwanza wa London wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Muuzaji anayeuliza hivyo kabla ya kutoa kitabu sijamwona kwingine.

Kitabu ni cha Kiingereza, hivyo kila jioni nilikaa na shangazi chini ya mwembe nikisoma na kufasiri. Tulianza na Margaret Damer Dawson, ambaye mwaka 1914 aliwapokea wakimbizi wa Ubelgiji kwenye stesheni za London, akaona jinsi wasichana wageni walivyonyemelewa na watu wabaya, na hapo ndipo yeye na Nina Boyle, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, walipoanzisha kikosi cha polisi wanawake wa kujitolea. (Miaka miwili baadaye, Septemba 1916, jeshi la Ubelgiji hiyo hiyo liliuteka mji wetu wa Tabora.) Wanawake hao hawakuwa na mamlaka ya kukamata, walipiga doria katika jiji lililofifishwa taa kwa hofu ya mabomu, wakatazama na kusikiliza, na ilipobidi mtu akamatwe walimwita askari wa kiume.

Palipomgusa zaidi shangazi ni penye habari za viwanda vya risasi na mabomu, ambako askari hao waliwapekua wafanyakazi wa kike wasiingie na viberiti, kwa maana njiti moja ingeweza kulipua jengo zima. "Rudia hapo, mwanangu," aliniambia, na niliporudia akanisimulia jinsi alivyokuwa akigongewa mlango usiku wa manane kwa sababu mtuhumiwa ni mwanamke, naye ndiye askari wa kike pekee kituoni, na sheria inataka mwanamke apekuliwe na mwanamke. Alikuwa akijifunga kanga juu ya sare akienda, kwa baridi ya Julai. Nimeishi naye miaka mingi na sikuwahi kuyasikia hayo.

Kasoro ilijitokeza tulipofika mji wa Grantham, ambako jeshi liliwapiga wanawake marufuku ya kutoka nje usiku, na askari wa kike wakatakiwa kuisimamia. Damer Dawson alikubali, Boyle akapinga vikali, nami nikafunua ukurasa wa 96 na kukutana na wa 113. Kurasa 16 zilikuwa zimechomoka. Tulipoendelea, wawili hao walikwisha kutengana, na Edith Smith, mjane na mkunga, alikwisha kuapishwa huko huko Grantham, mwaka 1915, kuwa askari polisi mwanamke wa kwanza Uingereza mwenye mamlaka kamili ya kukamata.

Mwenye kibanda aliniomba radhi, akanifutia malipo ya wiki hiyo na kuandika upungufu huo kwa penseli ndani ya jalada. Ni jambo la kiungwana, ila angezihesabu kurasa kabla ya kuazimisha. Amana yangu sijaichukua. Shangazi anataka kujua Boyle alisema nini katika kurasa zile, na ombi la kopi nyingine limeshaandikwa daftarini.