Tulivyosoma Hatchet mimi na mpwa wangu

Kitabu hiki nilikinunua kwa ajili ya mtoto wa kaka yangu, yuko kidato cha pili. Wazazi wake wameachana, huu mwaka wa pili, na likizo anazigawa: nusu kwa mama yake Korogwe, nusu kwa baba yake hapa Tanga. Alikuwa amenyamaza sana. Ukimsemesha anaitika, basi.

Hatchet cha Gary Paulsen kilitoka Marekani mwaka 1987. Brian, mvulana wa miaka 13 ambaye wazazi wake wametalikiana, anapanda ndege ndogo kumfuata baba yake kaskazini mwa Kanada. Njiani rubani anapatwa na mshtuko wa moyo, anakufa. Ndege inaangukia ziwani, na mtoto anabaki peke yake porini siku 54, mali yake ya maana ni kishoka alichopewa na mama yake.

Nilitarajia habari za wanyama. Wamo, na kuna nungunungu anayemjaza miiba mguuni usiku. Lakini kinachomuumiza Brian zaidi ni jambo alilotoka nalo nyumbani: alimwona mama yake na mwanamume mwingine, na baba hajui. Kitabu kinaliita Siri tu, na linamrudia kila akitulia. Mpwa wangu alipofika hapo alikilaza kitabu kifudifudi mkekani, akatoka nje. Sikumuuliza. Jioni nikamkuta nacho tena.

Sura ya moto nimeisoma mara tatu. Brian anamrushia nungunungu kishoka gizani, kinagonga jiwe, cheche zinaruka. Kesho yake anakaa kugonga. Nyasi kavu hazishiki. Anachana noti ya dola 20, nayo haishiki. Anachambua magome ya mti hadi yawe laini kama nywele, anayatengeneza kama kiota, na bado cheche zinazimika mpaka anapokumbuka kupuliza. Sisi tulikua tukitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto, unalibeba kwenye kifuu huku unalipuliza njia nzima. Aliyeandika sura ile amewahi kupiga magoti mbele ya moto unaogoma.

Kuna mahali nilipata wasiwasi. Brian analia peke yake gizani, kisha anagundua kwamba kujililia hakumsaidii. Wavulana wetu wameambiwa vya kutosha kwamba mwanamume halii, sikutaka na kitabu kimwambie hivyohivyo. Niliporudia kusoma nikaona sivyo. Brian analia mpaka machozi yanakwisha, hakuna anayemwaibisha. Ila yakishakwisha mguu bado unauma na giza bado lipo, ndipo anainuka. Hilo nalikubali kabisa.

Wazazi mjue pia kwamba ndege ya kumtafuta inapopita bila kumwona, Brian anakata tamaa hadi anataka kujiua. Kimeelezwa kwa kifupi, lakini ni vizuri mtu mzima awe karibu.

Mwisho wake una haraka mno. Siku 54 za taabu, halafu kuokolewa na kurudi nyumbani kunamalizwa kwa kurasa chache. Na ile Siri, Brian hamwambii baba yake kamwe. Mpwa wangu alikasirika: "Shangazi, sasa alikuwa anaibeba ya nini?" Tulikaa barazani mpaka usiku. Aliyoniambia kuhusu nyumbani kwao ni yake, siyaandiki hapa, lakini aliyasema, na mimi nilikuwa nimengoja mwaka mzima.

Kiingereza chake ni chepesi, sentensi fupi, maneno yanajirudia. Wa kidato cha pili atakimudu akiwa na kamusi kando. Nakala yangu ni mtumba, shilingi 7,000, jalada limechanika lakini kurasa zote zimo. Sasa kijana anataka Brian's Winter cha mwaka 1996, ambacho kinachukulia kwamba Brian hakuokolewa mwishoni mwa Hatchet, na baridi kali ikamkuta hukohuko. Mwenye nacho Tanga au Muheza aniambie, nitakifuata.