CT (picha ya eksirei ya vipande) ya sinasi, matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso, kwa mtoto wa saratani mwenye homa: ina faida gani?

Nyutrofili, seli nyeupe za kinga, ziko chini ya 500 kwa mikrolita, homa imefika siku ya tano, na antibiotiki za mshipa hazijaishusha. Fomu ya CT inajazwa: mapafu, halafu mtu anaongeza sinasi, kutafuta maambukizi ya kuvu, "maadamu mtoto yuko mezani". Mapafu, sawa. Sinasi, kama uso hauna dalili yoyote, hatuipi alama nzuri. Mwongozo wa kimataifa wa homa kwa watoto hawa, uliopitiwa upya mwaka 2023, nao haushauri kuipiga kwa mazoea.

Mafua ya kawaida tu hunenepesha utando wa sinasi, na picha haitofautishi kamasi na kuvu. Mtoto wa miaka 2 hana hata sinasi za paji la uso. Utaona za mashavuni na zile za katikati ya macho, basi. Uganda kuna mtego mwingine: Burkitt, saratani ya taya iliyoelezwa na daktari Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago, Kampala, mwaka 1958, huweza kuingia kwenye sinasi ya shavu. Bila picha ya kabla ya matibabu, masalia ya uvimbe yatasomwa kama maambukizi. Mzazi aje na CD ya zamani. Eksirei ya sinasi ni rahisi, lakini hapa haina msaada. Nauli bora ibaki mfukoni.

Kipimo kinachofaa kila asubuhi ni tochi. Angalia kaakaa na ndani ya pua. Doa jeusi, kamasi lenye damu, shavu lililokufa ganzi au jicho lililovimba upande mmoja: hapo CT ipigwe siku hiyohiyo, vipande vya milimita 1, macho yakiwemo. Mfupa ukionekana mzima kwenye CT usikutulize, kwani kuliwa kwa mfupa huchelewa kuonekana. Jicho au ubongo ukishukiwa, MRI (picha ya sumaku) huona zaidi.

Dalili hizo zikiwepo, amfoterisini, dawa ya kuvu, isisubiri majibu. Daktari wa pua na koo achungulie kwa kamera na kukata kipande kidogo cha nyama cha kupima, chembe sahani (za kugandisha damu) zikiwa zimepandishwa kwanza. Kipande hicho kigawanywe: nusu kwenye fomalini, nusu kwenye maji ya chumvi ya dripu. Kikitumbukizwa chote kwenye fomalini, kuvu hufa na maabara haioteshi kitu.