Kukatia bima gari jipya la umeme: niliangalia betri kwanza, ada baadaye

Nilianza na kampuni iliyokuwa imenikatia bima ya gari langu la petroli, kwa kuwa tulishazoeana. Fomu yao ilidai ujazo wa injini. Wakala akaandika sifuri, mfumo ukakataa. Akaacha wazi, ukakataa tena. Mwishowe akataka kujaza ujazo wa gari la petroli linalolingana na langu kwa umbo, ilimradi fomu ipite. Nikamkatalia. Taarifa isiyo ya kweli kwenye fomu ya bima inatosha kabisa kukunyima fidia siku ya ajali, na anayeumia ni mwenye gari, si wakala.

Kampuni ya pili ada yao ilikuwa juu kidogo, lakini wakala wao aliuliza mapema: betri ni yako au ya kukodi? Hapo nikajua naongea na mtu anayeijua kazi yake. Betri ndiyo kitu ghali kuliko vyote kwenye gari la umeme, nayo hukaa chini ya sakafu, pale jiwe au ukingo wa barabara unapoweza kuifikia. Kasha lake likibonyea vibaya, gharama ya kuweka betri mpya yaweza kufanya gari zima lihesabiwe halifai tena kutengenezwa. Dhamana ya mtengenezaji, ambayo kwa magari mengi ni miaka 8 au kilomita 160,000, haikusaidii hapo. Ile ni ya betri iliyochoka mapema au yenye kasoro ya kiwandani, si iliyogongwa.

Basi niliomba hati yenyewe nikaisoma kabla ya kulipa. Betri imetajwa waziwazi, pamoja na waya wa kuchajia na chaja ya ukutani, na wizi wa waya umo. Kifungu cha kuvuta gari kinasema libebwe juu ya lori, magurudumu yote yakiwa hayagusi chini. Hicho nilikipenda sana, maana magurudumu ya kuendeshea yakiburutwa barabarani huizungusha mota, nayo huzalisha umeme unaoweza kuharibu mifumo ya gari.

Kuna ambayo sikuyafurahia. Gereji ni lazima ziwe zao. Hilo nimelikubali, betri ya volti 400 si ya kuguswa na fundi ambaye hakuisomea. Lakini kifungu cha uchakavu kilinisumbua: betri ikibadilishwa, wanakata thamani kulingana na umri wake, na hawakuandika wanakata kiasi gani. Nikauliza kwa barua pepe, wakajibu kwamba mwaka wa kwanza hawakati chochote. Jibu hilo nimelihifadhi pamoja na hati.

Kwa huduma na uelewa wao nimeridhika, na mwenye gari la umeme nitamwelekeza huko bila wasiwasi. Mwaka wa pili ukikaribia nitataka kiwango cha kukata kiandikwe ndani ya hati yenyewe. Wasipokubali, nahama.