Siku 14 za Kuzoeza Mwili Joto Dar es Salaam: Tathmini ya Mkimbiaji Kutoka Arusha

Mkimbiaji anayefanya mazoezi Arusha, mji ulio takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, akishuka Dar es Salaam mwezi Februari na kutaka kasi yake ya kila siku, mwili humkatalia mapema. Mwaka jana nilifika kilomita ya 13 ya nusu marathoni nikiwa na pumzi na miguu mizima, lakini joto likanilazimisha kumaliza kwa kutembea. Safari hii nililipia programu ya siku 14 ya kuzoeza mwili joto katika ukumbi mmoja wa mazoezi jijini humo, na ninayoyaeleza hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe.

Kila alasiri nilikimbia kwa dakika 60, na baadaye 90, kwenye mashine iliyowekwa katika chumba kisicho na feni, madirisha yakiwa yamefungwa. Mwanzoni niliona ni afadhali tungekimbia nje juani, lakini sasa nakubali kwamba uamuzi wa mwalimu ulikuwa sahihi, kwa kuwa adui mkubwa wa mkimbiaji wa pwani ni unyevunyevu, ambao huzuia jasho kukauka juu ya ngozi, na jasho lisilokauka halipozi mwili. Katika mashindano ya dunia ya riadha ya mwaka 2019 kule Doha, marathoni ya wanawake ilianzishwa karibu na saa sita usiku ili kulikwepa jua, na bado kati ya wanawake 68 walioanza, 28 hawakumaliza.

Sifa kubwa ya programu hii ni kwamba iliongozwa na mapigo ya moyo. Siku ya kwanza mwalimu aliniambia, "Mdogo wangu, leo kasi iache, tunautazama moyo," akanikataza kuvuka mapigo 140 kwa dakika, hata ikibidi nitembee. Nilitembea kweli, tena mara nyingi. Kufikia siku ya sita mapigo yaleyale yalinibeba kwa mwendo wa haraka zaidi, na kufikia siku ya kumi jasho lilianza kunitoka dakika chache tu baada ya kuanza, jingi na lisilo na ukali wa chumvi niliouonja wiki ya kwanza. Hayo ndiyo mabadiliko yanayotarajiwa: sehemu ya majimaji ya damu huongezeka katika siku za mwanzo, hivyo moyo hupata damu ya kutosha kupeleka kwenye misuli na kwenye ngozi kwa pamoja, lakini tezi za jasho huchelewa kidogo kuzoea, na ndiyo maana programu ya siku tano peke yake isingenitosha.

Kasoro niliyoiona haikuwa ndogo. Ukumbi ulikuwa na mizani mbovu kwa muda wote niliokuwa pale, na maelekezo pekee kuhusu maji yalikuwa kunywa kadiri iwezekanavyo. Ushauri huo ni wa hatari. Watafiti walipopima damu za wakimbiaji 488 wa marathoni ya Boston ya mwaka 2002, walikuta asilimia 13 wana sodiamu, yaani chumvi ya damuni, pungufu, na kunywa maji kupita kiasi kulikuwa miongoni mwa sababu kuu. Nilinunua mizani yangu, nikajipima kabla na baada ya kila zoezi, kilo moja iliyopungua nikiihesabu kuwa takriban lita moja ya jasho, na hapo ndipo nilipojua kiasi cha maji ninachohitaji. Pia hapakuwa na kipimajoto cha aina yoyote, ilhali mtu anayefungiwa katika chumba cha joto anaweza kuzidiwa kabla mwenyewe hajatambua. Kwa ukumbi unaotoza shilingi 180,000, vifaa hivyo si anasa.

Jambo jingine ni kwamba programu ilikwisha siku tisa kabla ya mbio, na hapakuwa na mpango wowote wa siku zile za katikati. Mazoea ya joto hupungua kwa takriban asilimia 2.5 kila siku mtu anapokaa mbali na joto, kwa hiyo kurudi Arusha kungenipotezea takriban moja ya tano ya nilichokilipia. Nilibaki kwa dada yangu Temeke, na nilipomweleza mwalimu, akanikubalia kutumia chumba mara tatu zaidi bila malipo, jambo ninalomshukuru.

Siku ya mbio nilipita kilomita ya 13 nikikimbia, mapigo yakiwa chini ya yale ya mwaka jana, na nikamaliza bila kutembea hata hatua moja. Mwakani nitajiandikisha tena, ila nitachagua tarehe zinazoishia siku tatu au nne kabla ya mbio, na mizani nitakuja nayo.