Nyumba ya wanasesere: ukiwa Kampala, ununue nini kwanza?

Wengi wanaoanza kujenga nyumba za wanasesere huanzia kwenye samani. Unaona kikochi kizuri dukani, unakibeba, halafu kitanda ulichopata kwingine kinatoka kifupi kuliko kochi. Amua skeli, yaani kitu halisi kitapunguzwa mara ngapi, kabla hujatoa hata shilingi mia. Watu wazima wanaofanya kazi hii kwa kujiburudisha hupendelea 1:12, ambapo mtu wa sentimita 170 anabaki na 14 na meza ya 75 inakuwa na 6 na kidogo. Skeli hiyo ndiyo ya nyumba ya Malkia Mary ya mwaka 1924, iliyoko Windsor, Uingereza. Lakini kama nyumba ni ya binti yako na ana Barbie, 1:12 itamwia banda la kuku. Barbie ana sentimita 29 hivi, kwa hiyo mjengee kwa 1:6, chumba kiwe na kimo cha sentimita 40.

Sasa boma. Namba moja kwangu, na sioni cha kuishindania, ni plaiwudi ya milimita 6 iliyokatwa kwa mafundi mbao wa mtaa wa Ndeeba. Nyumba ya 1:12 yenye ghorofa moja na vyumba vinne (upana sentimita 60, kimo 50, kina 30) hula takriban mita mraba 1.3, yaani chini ya nusu ya shiti la futi 8 kwa 4. Shirikianeni wawili, shiti moja linatosha nyumba mbili. Au uliza mabaki ya mashiti hayo. Mafundi huwa nayo yamesimamishwa ukutani. Usitazame uso wa plaiwudi, tazama ubavu wake: tabaka zikiwa na mapengo, msumeno utazichana. Vitundu vidogo vya mviringo vyenye unga ni bungua, achana nayo hata ukipewa bure. Na vipimo vyako viandike kwenye karatasi, bwana. Ukimtajia fundi kwa mdomo katikati ya kelele za mashine, utarudi na kuta mbili zisizolingana.

Namba mbili ni boksi. Omba maboksi ya friji au televisheni, gundisha tabaka mbili kwa gundi nyeupe ya mbao, mistari ya ndani ya boksi moja ikikatiza ya jingine. Inakuwa ngumu ajabu. Ukipaka rangi upande mmoja tu, ukuta utapinda kama chapati, kwa hiyo paka pande zote mbili. Kwa anayejaribu tu, hii ndiyo ningemwambia aanze nayo.

Namba tatu, seti za MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) zinazoagizwa nje zikiwa zimeshakatwa. Ni nadhifu, lakini unalipia usafiri na ushuru, na kipande kikikosekana umekwama. Yangu ilikuja bila ngazi, na muuzaji akanyamaza mpaka leo. Ngazi nikaichonga kwa vijiti vya aiskrimu. Ukiinunua, paka gundi iliyochanganywa na maji kidogo kwenye kingo kabla ya rangi, maana MDF hunywa maji ikavimba.

Nyumba za plastiki zilizo tayari ni za watoto, basi. Na lile povu jeupe linalofungiwa televisheni ni la mwisho kabisa: rangi ya kupuliza hulila likabaki mashimo.

Kwenye mapambo, mtaa wa Kiyembe utapata vitenge hadi uchoke, ila ua moja la kitenge linaweza kuzidi mto wa kitanda chako. Tafuta kitambaa cha shati chenye mistari myembamba. Kwa makochi, mimi nanunua lubugo, kile kitambaa cha gome la mti wa mutuba ambacho ufundi wake UNESCO iliutambua mwaka 2005. Kipande cha ukubwa wa kiganja kikivishwa sponji kinaonekana kama ngozi ya zamani, na rangi yake ya udongo inakubaliana na kila ukuta. Madirishani usitumie supagluu, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye plastiki. Taa chukua LED za betri.

Vyombo vya jikoni usinunue. Kizibo cha soda kina karibu sentimita 3, zidisha kwa 12 unapata sinia la kupakulia matoke ya wageni.