Rolls-Royce ya deraya ya 1914 kwa kipimo cha 1:35: nilivyoijenga Moshi na kuipaka vumbi la Himo

Seti hii ya plastiki, ya kuunga gari la mfano lililo dogo mara 35 kuliko halisi, niliinunua kwa sababu moja: gari lenyewe lilipita huku kwetu. Machi 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yalitoka upande wa Taveta kuja kumng'oa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi ya Wajerumani, hapa Kilimanjaro. Yalipigana kwenye vilima vya Latema na Reata, yakaingia Moshi, yakashuka hadi Kahe. Katika kampeni hiyo Waingereza walikuwa na magari ya deraya ya Rolls-Royce. Chesisi ilikuwa ileile ya Silver Ghost, gari la matajiri, injini ya silinda 6 yenye ujazo wa zaidi ya lita 7, ila mwili wa starehe ulitolewa, pakafungwa mabamba ya chuma na mnara wa mviringo wenye rashasha ya Vickers. Zaidi ya tani 4 juu ya tairi nyembamba. Vichaka na matope ya masika viliyasumbua kuliko risasi.

Nimekulia Moshi, barabara ya Himo nimeipita mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na haya niliyajua nikiwa mtu mzima. Ndiyo maana niliitaka mezani kwangu.

Seti imetoka kiwanda kimoja cha China. Binamu yangu aliyeko Dar aliniagizia, ikafika Moshi kwa basi baada ya wiki kadhaa, boksi limebonyea pembe moja lakini ndani salama. Ikikamilika ina urefu wa kama sentimita 14, inakaa vizuri kwenye kiganja. Vipande vinakuja vimeshikana kwenye fremu za plastiki, pamoja na karatasi ndogo ya shaba yenye vipande vyembamba vya kukunja, na stika za kulowekwa majini kabla ya kubandikwa.

Ubora wa plastiki ni mzuri kweli. Mabamba ya mwili yana vichwa vya ribiti vilivyokaa sawasawa, na mnara unafungana bila kuhitaji hata tone la pati ya kuziba nyufa. Nilikikata kila kipande kwa kikatia kucha kipya, nikasugua kovu kwa msasa laini wa maji, ule wanaotumia mafundi wa rangi za magari. Gundi niliyotumia ni Tamiya Extra Thin, yenye brashi kwenye kifuniko. Hiyo unaigusisha tu kwenye ufa, inakimbia yenyewe ndani na kuyeyusha plastiki zishikane. Ukizoea hiyo hutarudi kwenye gundi nzito ya tyubu.

Mahali paliponichosha ni magurudumu. Gari la 1914 lilikuwa na rimu za spoku kama za baiskeli, na nyuma tairi ziko mbilimbili kila upande. Kwenye seti spoku ni nzuri kwa macho lakini ni laini mno. Nilivunja mbili wakati wa kuzitoa kwenye fremu, nikazirudishia kwa uzi wa nailoni wa kuvulia samaki ulionyooshwa. Ushauri wangu: usikate karibu na spoku. Kata fremu mbali kwanza, kipande kikishakuwa huru ndipo upunguze kidogokidogo. Springi na ekseli nazo zinahitaji subira, kwa sababu gundi isipokauka gari litasimama na gurudumu moja hewani. Nililiweka juu ya kioo usiku kucha nikiwa nimelikandamiza kwa sarafu mbili za shilingi 200.

Maelekezo ya mchoro yanaeleweka, isipokuwa hatua ya kufunga ekzosi na vitu vya chini, ambako mishale inaelekea sehemu mbili. Jaribu bila gundi kwanza.

Rangi sitakaa nayo sana. Praima ya kijivu ya kopo, kisha kaki ya Tamiya XF-49 niliyoichanganya na nyeupe kidogo juu ya mabamba yanayotazama jua. Kwa kupulizia nilitumia kompresa ambayo fundi friji wa mtaani kwetu aliitoa kwenye friji bovu na kuifungia tangi dogo. Inafanya kazi taratibu, kimya, na haijanisumbua hadi leo.

Sasa tufike kwenye kulizeesha gari, maana hapo ndipo nilipotumia wiki tatu nzima, na hapo ndipo nina la kumwambia mtu anayefikiria kununua.

Pamoja na seti nilinunua pakiti ya unga wa rangi wa kuzeeshea, vichupa vinne, wenye rangi za vumbi, matope, kutu na masizi. Bei yake ilikaribia nusu ya bei ya gari. Unga ni laini sana na unashika vizuri, hilo nalikiri. Tatizo ni rangi. Vumbi lao ni la njano iliyopauka, la jangwani. Niliupaka gari lote, nikalimwagia spiriti ili ushike, ukakauka. Likapendeza, lakini kama picha iliyopigwa Misri.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja pale Pasua ambaye ametengeneza Land Rover tangu ujana wake. Nilimwamkia, akaitikia, akaligeuza gari mkononi muda mrefu bila kusema. Halafu akasema, "Mwanangu, hili limemwagiwa vumbi. Halijapita kwenye vumbi."

Nikamuuliza tofauti yake. Akanipeleka uani kwenye Land Cruiser ya mteja iliyotoka Holili asubuhi ile. Akanionyesha kwa kidole kimojakimoja. Nyuma ya kila gurudumu vumbi limepiga kama feni, zito chini, jembamba juu. Chini ya madigadi kuna tabaka gumu la zamani na juu yake jipya. Kwenye viungo vya mlango limejikusanya kama mstari wa kalamu. Lakini mahali dereva anapokanyaga akipanda, na mahali anaposhika akifunga mlango, chuma kinang'aa. Na palipovuja oili, vumbi limegeuka giza na kushika kama lami. "Vumbi linafuata gari linavyotembea na watu wanavyolishika," akasema, akarudi kwenye kazi yake.

Nilirudi nyumbani nikaosha karibu unga wote kwa brashi na maji ya sabuni. Jumamosi nikapanda daladala hadi Himo, nikachota udongo mwekundu wa kahawia kandokando ya barabara, na mwingine wa kijivu nikautoa Kahe. Niliukausha kwenye kikaango, nikausaga kwa kinu kidogo cha viungo, nikauchekecha mara mbili: kwanza kwa chujio la chai, kisha kwa soksi ndefu ya nailoni ya mke wangu, aliyenipa kwa hiari. Usiruke hatua ya soksi. Chembe yenye milimita 0.2 unaiona kama vumbi, lakini kwa kipimo cha 1:35 ni kokoto ya milimita 7. Kilichopita kwenye soksi ni kama poda ya mtoto.

Kabla ya vumbi nililipaka gari vanishi inayong'aa, nikalainisha rangi ya mafuta ya kahawia iliyoiva kwa tapentaini na kuiacha iingie kuzunguka kila ribiti. Baada ya robo saa nikafuta kwa kipande cha fulana kutoka juu kwenda chini, upande mvua inakoteremkia. Michubuko niliiweka kwa kipande cha sponji ya kuoshea vyombo chenye rangi ya chuma iliyokolea, kwenye kingo za milango na ngazi tu. Kutu nimeiweka kwenye ekzosi na karibu hakuna pengine. Magari haya yalianza kutengenezwa mwishoni mwa 1914; yalipofika huku 1916 yalikuwa na umri wa mwaka mmoja au miwili na wanajeshi waliyatunza. Ninaona watu wengi wakiyafunika magari ya vita kwa kutu kama yametupwa shambani miaka 40, na hilo linaniudhi, kwa sababu linafuta historia ya gari.

Kisha vanishi isiyong'aa, na baada ya hapo udongo wa Himo. Nilipaka tone la spiriti nyuma ya gurudumu, nikagusa unga kwa brashi kavu, nikaacha uende wenyewe. Chini ya madigadi niliukoroga na gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji ili uwe tope nene, kwa sababu Machi huku mvua zinaanza. Ule wa Kahe niliuweka mwembamba juu ya ule mwekundu, kwenye tairi tu, kana kwamba gari limetoka kwenye njia moja likaingia nyingine. Mwisho nikachovya kidole kwenye tapentaini na kufuta pale mwanajeshi angeshika ili apande.

Kwenye jukwaa la mbao la nyuma nimeongeza kitu ambacho seti haina: mizigo mitatu iliyofungwa kwa kamba ya katani, niliyoichonga kutoka kwenye kizibo. Vita ile ilibebwa kichwani na wapagazi wa Carrier Corps, ambao jina lao ndilo lililobaki kwenye Kariakoo. Wengi hawakurudi makwao. Gari bila mizigo ile nililiona halijakamilika.

Kwa hiyo, kwa anayeuliza kama anunue: seti nunua, hasa kama ulishajenga moja au mbili kabla, kwa sababu ya zile spoku. Gundi na rangi za Tamiya nunua bila kusita. Pakiti ya unga wa kuzeeshea, chukua kichupa cha masizi tu ikiwa kinauzwa peke yake, kile nimekitumia kwenye mdomo wa ekzosi na kimefanya kazi safi. Hivyo vingine vitatu vimebaki karibu vimejaa.

Mzee wa Pasua nimempelekea gari tena Jumapili. Alichungulia chini ya madigadi, akafuta kidole chake kwenye ovaroli, akaniuliza udongo nimeutoa wapi. Nikamwambia Himo. Akaliweka dirishani pake wiki nzima. Kopo la maziwa lenye udongo uliochekechwa bado ninalo, zaidi ya nusu, na mtu wa Moshi au Arusha anayejenga gari la kampeni ile nitampimia bure.