AdwCleaner dhidi ya programu zinazoteka kivinjari: uzoefu wangu

Ukifungua kivinjari ukaletewa mtambo wa kutafuta usioujua, ukaubadilisha na kesho yake ukaukuta palepale, AdwCleaner ndiyo programu ninayoianza kabla ya nyingine zote. Ni ya bure, ni ya Windows pekee, na haisakinishwi: unapakua faili moja la .exe, unaliendesha kwa haki za msimamizi, ukimaliza unaachana nalo. Tangu 2016 iko chini ya Malwarebytes. Ichukue kwenye tovuti yao tu, kwa sababu zimewahi kusambazwa nakala bandia zinazomdai mtu malipo ndipo zisafishe. Ile halisi haidai chochote. Ukiwa na shaka, bofya faili kwa kitufe cha kulia, ingia Properties, kisha kichupo cha Digital Signatures, uone kama limetiwa saini na Malwarebytes.

Watu huuliza kwa nini antivirusi yao ilinyamaza. Mara nyingi ni kwa sababu mwenye kompyuta mwenyewe alibofya "kubali" alipokuwa akisakinisha kitu kingine, yaani kigeuza PDF, kicheza video au mchezo uliovunjwa ulinzi. Antivirusi nyingi huziweka programu za aina hii kwenye kundi la "zisizohitajika", si la virusi, na hazizigusi mpaka uziamuru. AdwCleaner imetengenezwa kwa ajili ya kundi hilohilo, ndiyo maana inaziona.

Kabla ya kuiendesha, hifadhi kazi zako na ufunge vivinjari vyote, kwani itavifunga yenyewe kisha itataka kuwasha upya kompyuta. Uchunguzi ni wa haraka, kwa sababu haipekui diski nzima. Inakwenda moja kwa moja kwenye maficho yanayojulikana: folda za AppData na ProgramData, funguo za rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows), huduma, kazi zilizopangwa (zinazojiendesha zenyewe kwa ratiba), njia za mkato na viendelezi (programu ndogo zinazoongezwa kwenye kivinjari). Orodha ikitoka, isome kabla ya kubofya karantini, yaani kitufe cha kuvitenga vilivyopatikana. Sehemu ya programu zilizokuja na kompyuta kutoka kiwandani iangalie kwa macho mawili, maana humo huwa kuna programu ya vitufe vya sauti au mwanga wa skrini unayoitumia kila siku. Si virusi hizo. Mimi huziondolea tiki zote na kushughulika na zilizobaki.

Kumbukumbu zake hukaa kwenye C:\AdwCleaner\Logs. Faili lenye [S00] ni la uchunguzi, lenye [C00] ni la usafishaji. Yatunze. Tatizo likirudi, linganisha faili jipya na la zamani: jina linalojirudia kila mara ndilo lenye kitu kinacholirudisha.

Kwenye mipangilio kuna swichi za ukarabati: kurejesha katika hali ya mwanzo proksi (kompyuta ya kati inayopitishiwa mtandao wako), faili la hosts (linalooanisha majina ya tovuti na anwani zake), Winsock na TCP/IP (mipangilio ya mtandao ya Windows), sera za Chrome (amri ambazo kwa kawaida huwekwa na msimamizi wa shirika), ngome ya Windows (firewall) na nyinginezo. Usiziwashe zote kwa pupa. Proksi, hosts na sera za Chrome ndizo zinazohusika na utekaji. Ukirejesha TCP/IP, anwani ya IP uliyoiweka kwa mkono inaweza kupotea. Ukirejesha Winsock, baadhi ya VPN hukataa kuunganika mpaka zisakinishwe upya. Ngome nayo hupoteza kanuni ulizojiwekea.

Mpaka hapo programu inastahili sifa. Lakini kazi yake ni kuondoa kilichopo sasa hivi, na ipo mizizi inayoweza kubaki. Hiyo unaichimba mwenyewe.

Wa kwanza, na ndio unaosumbua watu kuliko yote, ni sera. Ukifungua menyu ya Chrome ukasoma kwamba kivinjari kinasimamiwa na shirika, na kompyuta ni yako ya nyumbani, basi kuna kitu kimejifanya shirika. Andika chrome://policy kwenye upau wa anwani. Ukikuta ExtensionInstallForcelist, mbele yake kuna mfululizo wa herufi 32, zote kati ya a na p: hicho ndicho kitambulisho cha kiendelezi kilicholazimishwa. Kinachoudhi ni kwamba kitufe chake cha kuondoa kimezimwa, na hata ukirejesha mipangilio ya Chrome hakitoki, maana sera ina nguvu kuliko mipangilio. Nakili kitambulisho hicho, kisha fungua Command Prompt kama msimamizi uandike:

reg delete "HKLM\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f
reg delete "HKCU\SOFTWARE\Policies\Google\Chrome" /f

Ukijibiwa kwamba ufunguo haupo, endelea tu. Kwa Edge, badilisha Google\Chrome kuwa Microsoft\Edge. Sera zikirudi baada ya kuwasha upya, tazama folda iliyofichwa ya C:\Windows\System32\GroupPolicy. Faili la Registry.pol ndani ya Machine au User ndilo linaloziandika upya. Lifute, kisha endesha gpupdate /force. Kwenye kompyuta ya ofisi au ya shule usiguse haya yote. Huko sera huwa zimewekwa kwa makusudi.

Wa pili ni kazi zilizopangwa. ChromeLoader, programu hasidi ya kuteka kivinjari iliyoanza kuonekana mwanzoni mwa 2022 ikisambazwa ndani ya faili za ISO (nakala za diski) za michezo na programu zilizovunjwa, hutumia kazi ya namna hii kuita PowerShell (programu ya Windows ya kuendesha amri) kila baada ya dakika chache na kupakia upya kiendelezi chake. Hata ukitaka kufungua chrome://extensions ukiondoe, inakurudisha kwenye mipangilio. Fungua Task Scheduler, programu ya Windows inayoorodhesha kazi hizo, angalia kichupo cha Actions cha kila kazi usiyoijua. Kazi inayoita powershell ikifuatiwa na -EncodedCommand na mkia mrefu wa herufi zisizosomeka, izime kwanza, anzisha kompyuta upya, uone kivinjari kinavyokwenda, ndipo uifute.

Njia ya mkato haichukui muda. Bofya ikoni ya kivinjari kwa kitufe cha kulia, Properties, usome sehemu ya Target. Inapaswa kuishia na chrome.exe pamoja na alama ya kufunga nukuu. Ukikuta anwani ya tovuti au --load-extension mbele yake, futa mkia huo. Kagua na ikoni iliyobandikwa kwenye upau wa chini, kwani ile ni njia ya mkato nyingine kabisa.

Halafu kuna usawazishaji (sync), yaani kivinjari kunakili viendelezi na alamisho zako kwenye akaunti yako ya mtandaoni. Umesafisha, umeingia kwenye akaunti yako, na kiendelezi kimeshuka tena kutoka kwenye wingu! Hapa mpangilio wa hatua ndio kila kitu: zima usawazishaji, safisha, nenda chrome.google.com/sync ufute data iliyohifadhiwa kule, kisha washa tena. Alamisho zilizomo kwenye kompyuta hazifutiki. Kama kuna kompyuta nyingine inayotumia akaunti hiyohiyo, isafishe nayo kabla ya kuwasha.

Firefox ina nafuu. Ingia about:support ubofye kitufe cha Refresh: viendelezi vinaondoka, alamisho na manenosiri yanabaki. Ila tazama kwanza about:policies, kwa kuwa faili la policies.json lililopo kwenye folda ya distribution ndani ya Firefox halitoki kwa njia hiyo.

Matangazo yanayochomoza kwenye kona ya skrini hata baada ya yote hayo mara nyingi hayana programu nyuma yake. Ni ruhusa ya arifa iliyopewa tovuti fulani, na unaiondoa chrome://settings/content/notifications.

AdwCleaner haikai macho kulinda kompyuta baada ya kusafisha, na haikuundwa kuwinda virusi vya kuiba manenosiri. Kwa hiyo mimi huifuatisha na uchunguzi wa nje ya mtandao (Offline scan) wa Microsoft Defender, antivirusi ya Windows yenyewe, ambao huwasha upya kompyuta na kuchukua kama dakika 15, kisha nawasha kinga dhidi ya programu zisizohitajika kwenye Windows Security, chini ya App & browser control. Manenosiri hubadilishwa baada ya hapo, si kabla.